Muchi wa Kinu Chini ya Motere

Kabambare, siku ya kwanza ya wiki, asubuhi

Kwa Mama Cécilia wa kipindi cha wamama, kule radio ya Kasongo,

Kwanza kabisa pokea salamu zangu, na kama uko na bwana hapo nyumbani, mupe na yake. Bwana yangu Raphaël anakusalimia, goti lake la kushoto lingali linamusumbua lakini shambani anafika. Mutoto wangu Heri anakusalimia, ijapokuwa yeye hajui kama ninakuandikia. Laetitia bibi ya Heri anakusalimia, iko na mimba ya miezi nane, kuinama hawezi tena, anafagia akiwa amesimama. Joël kitinda mimba wangu anakusalimia, iko mwaka wa tano shule ya primere, karatasi hii imetoka katika kayé, daftari yake ya shule, lakini nimemukataza kusoma. Esther-Divine mutoto wa dada yangu anakusalimia, meno yake mawili ya mbele yameanguka. Mama Olga mwenye kumuzaa Laetitia, mwenye kuuza mawese pale sokoni Kasongo karibu na wauza chumvi, pengine munajuana, naye angekusalimia kama angejua. Mbuzi pia ni muzima. Wote tuko, ila mimi ndiye siko.

Mama Cécilia mupendwa, ninaomba unisaidie, nilikusikia wakati nilikuja Kasongo kwa kilio cha kaka yangu, ulikuwa unamujibu mwanamuke mwenye kuficha ugonjwa wa bwana yake, nikasema moyoni siku nitapata yangu nitamuandikia huyu, na sasa nimepata. Unisamehe maandiko, masomo niliacha mwaka wa tatu primere.

Heri wangu ni shofere. Anaendesha jipu ya Abdoul, mutu mwenye butike kubwa huku kwetu, anabeba muchele na watu mpaka Kasongo, mara nyingine anapinda Salamabila, na ule ufunguo alipewa huu mwaka wa pili, kabla yake walikuwa wanaume watatu wenye kuutaka, ndiyo maana anaushika kama yai. Sasa musimu wa mvua uliopita ile mipira yenye kukaa chini ya motere, ile injini yenyewe, ikapasuka. Mimi sikujua kama motere inalalia mipira, Heri alinieleza, ni mipira imebanwa kati ya vyuma, upande huu na upande huu, motere ikitetemeka mipira inameza. Abdoul akasema ataagiza Bukavu. Wiki zikapita, kitu hakifiki. Heri akakata vipande vya pine ya kamyo, ule mupira wa gurudumu la lori, akatia pale, vikafanya kazi siku kumi vikalala kama mukate, motere ikawa inaruka kila anapowasha, anatia vingine, vinalala tena. Akawa anakuja nyumbani hali chakula anatazama tu ukuta.

Siku moja nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo, yeye amekaa mulangoni kwa jikoni, akanitazama mikono muda mrefu mpaka nikamuuliza, "Unatafuta nini kwangu?"

Akasema, "Mama, huo muchi uko na miaka mingapi?"

Nikasema, "Kuliko wewe. Mama ya baba yako alinipa siku kitovu chako kilianguka, naye alipewa vile vile."

Akasema, "Umepiga sombe, umepiga muchele, umepiga karanga, na haujapasuka hata kidogo."

Nikasema, "Hata kidogo."

Akaushika muchi, akaupima mukononi. Kisha akasema, "Mama, motere haiwezi kuushinda huo."

Mama Cécilia, hapa ndipo kosa langu liko. Katika jamaa ya bwana yangu muchi huu haununuliwi na hauazimwi. Unakaa kwa mama, na bibi ya mutoto wake akizaa mara ya kwanza, siku kitovu kinaanguka, mama anaosha muchi na maji ya moto anamupa mbele ya wamama wengine, ndipo yule anaitwa mama wa nyumba. Laetitia anajua. Alikuwa anaungojea. Na mimi nilimupatia Heri, sikuuliza bwana, sikuuliza mutu, niliona tu uso wa mutoto wangu, nikasema chukua.

Akaukata na musumeno vipande vine vinene kama ngumi, akatoboa katikati na chuma cha moto, moshi ukatoka wenye kunuka sombe, miaka yote ya kupika kwangu ilitoka pale, nikaenda nje nikajifanya ninafukuza kuku.

Siku ya kwanza ilikuwa furaha. Heri alikuja anacheka, akasema, "Mama, motere imesimama kama nguzo ya kanisa, haisogei hapa haisogei pale." Abdoul mwenyewe alimusifu mbele ya watu, akasema huyu ni shofere mwenye kutumia kichwa. Nikafurahi pia, nisikudanganye, nilitembea sokoni kifua mbele.

Lakini motere ilipoacha kutetemeka, jipu yote ikaanza. Mama mmoja aliweka mayai sitini chini ya kiti, yakafika Kasongo supu. Kioo cha pembeni kikaanguka. Watu wakaipa jipu jina, wanaiita Kinu. Wanasema, "Leo unapanda Kinu ao unangoja piki?" Muzee mumoja alishuka akamuambia Heri mbele ya wote, "Shofere, mimi niliingia na magoti mawili, nitafutie la pili." Wakacheka, Heri akacheka nao. Kisha bomba la moshi likapasuka. Kisha taa zikakatika. Kisha buloni zenye kukaza vyuma zikaanza kulegea na kuanguka njiani, anaziokota, anazitia mufukoni, ninapofua suruali zake ninazikuta, wiki iliyopita peke yake nimekuta tatu, niko nazo hapa nimezifunga kwenye pembe ya kitambaa changu, nikitembea zinagongana, ninasikia.

Sasa sikia ubaya wake. Siku ya ine iliyopita nilimupelekea Heri chakula pale kwa Déo, mutu mwenye kusude vyuma, kuviunga na moto. Heri alikuwa ameenda kuchota maji ya radiatere. Déo akaniita chini chini, akachukua musumari akanionyesha ndani ya jipu, kile chuma chenye kushika motere, kimepasuka, ufa umeanzia kwenye tundu la buloni unakwenda mpaka karibu na mwisho, umebaki upana wa kidole changu kidogo. Déo akasema, "Mama, hapa nimeishasude mara mbili. Ninasude huku, inapasuka kule. Mimi nikimuambia Heri anasema ninatafuta kazi. Umuambie wewe."

Nilimuambia ile ile siku. Akakasirika, tena akakasirika polepole, ndiyo mubaya zaidi. Akasema, "Mama, huo ufa ni wa juu juu. Abdoul akisikia atampa mwingine ufunguo kesho. Unataka nirudi kulima na goti la baba?" Kisha akanishika mikono, akaomba nimuapie sitamuambia mutu, si Abdoul, si baba, si Laetitia. Nikaapa. Nikaapa Mama Cécilia, na buloni ziko kwenye kitambaa changu.

Na siku ya posho, siku ya sita ya wiki hii hii, jipu inashuka Kasongo, na Laetitia anapanda. Kwetu mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama muzazi, Mama Olga ameishatengeneza kitanda. Heri amefunga godoro kwenye kiti cha mbele, anasema bibi yake ataenda kama amelala kitandani. Mimi ninajua ule muteremuko wa kwenda muto Luama, ninajua watu wanapanda juu ya magunia mpaka kumi na watano, kila nikipita kwa lile godoro ninapapasa kamba zake.

Sikai. Nikikaa ninasimama. Naweka maji motoni nasahau, chungu kimeungua mara mbili. Jana katika kanisa watu walipopiga magoti mimi nilibaki nimesimama, bwana akanivuta nguo. Jipu ikipita njiani ninaisikia kwenye nyayo kabla ya kuisikia kwa sikio, nahesabu mpaka ipite, na ikichelewa kurudi nakwenda mpaka kwenye pembe ya njia, narudi, nakwenda tena, majirani wameanza kuuliza kama niko na deni mahali.

Na Laetitia jana ameniuliza, "Mama, muchi uko wapi, sijauona siku nyingi." Nikasema uko kwa shangazi, iko na karamu. Akasema, "Lakini ulisema hauazimwi." Akanitazama, akaendelea kuchambua muchele. Tunatwanga na muchi wa jirani sasa, mwepesi, haufai.

Basi nifanye nini. Nikimuambia Abdoul, nimevunja kiapo kwa mutoto wangu, anapoteza ufunguo, na atasema mama yangu mwenyewe ndiye aliniuza. Nikinyamaza, Laetitia anapanda, na wale watu wote wanapanda, na chini ya motere ni muchi wangu mimi, si wa mutu mwingine. Nilifikiri pia nimuombe Laetitia ajifanye mugonjwa ile siku, lakini wale wengine nitawafanya wagonjwa na nini.

Ninakuomba usitaje majina yetu kwenye radio. Barua hii nimemupa Moussa wa piki, yeye hasomi ya watu, anarudi huku siku ya ine. Tafazali mama, mupe neno lolote, hata liwe fupi, hata liwe la kunigombeza, lakini linifikie mbele ya siku ya posho, tafazali.

Ni mimi, Émérance, mama Heri

~

Kasongo, siku ya tatu

Mama Émérance,

Unaniomba nisitaje majina, na wewe umenitajia nyumba nzima mpaka mbuzi. Usiogope. Siku nitasoma barua hii kwenye radio, kila mutu atakuwa na jina lingine. Leo siisomi. Leo ninajibu kwa mukono, kwa sababu siku ya posho haingojei kipindi changu.

Nimesoma barua mara mbili, kisha nimeipeleka kwa Salomon, fundi ambaye amelala chini ya magari ya Kasongo miaka ishirini. Kwa habari ya muchi alicheka mpaka akaweka kifunguo cha buloni chini. Nilipofika kwenye ufa wa upana wa kidole kidogo, aliacha kucheka. Akasema nikuandikie hivi: jipu hii isibebe mutu tena, hata mmoja, hata mita mia. Kile chuma kikikatika kwenye muteremuko, motere inainama, pangaboi inakula radiatere, gia inavutwa, kamba ya mafuta inavutwa, na shofere anabaki anashika usukani wa kitu kisichomusikia tena.

Heri si mujinga. Aliona kitu kigumu chenye kupiga miaka yote bila kupasuka, akafikiri ugumu ndio dawa. Wewe mwenye kutwanga ungemujibu pale pale jikoni. Muchi haukupasuka kwa sababu ulikuwa mikononi mwako. Ukipiga, mikono inalegea kidogo, kiwiko kinalegea, bega linalegea. Wewe ndiwe ulikuwa mpira. Ufunge muchi huo na buloni ndani ya kinu, upige hivyo mwaka mmoja, uone kama kinu hakifunguki chini. Ndicho mumemufanyia Abdoul: mumefunga muchi ndani ya jipu yake, na jipu ndiyo inapasuka. Mueleze Heri kwa maneno haya, ataelewa haraka kuliko maneno ya Déo.

Sasa nikugombeze, kwa kuwa umeomba. Ulitoa kitu cha Laetitia, maana kilikuwa chake tayari, ulikuwa unamushikia tu. Hiyo ni moja. Ukamudanganya. Hiyo ni mbili. Lakini ile ya tatu ndiyo inaniudhi. Umeapa kunyamaza juu ya ufa. Mama anaweza kuficha aibu ya mutoto wake, wote tunaficha, mimi pia nimeficha. Roho za watu kumi na watano juu ya magunia si zako, huna namna ya kuziapia. Kiapo hicho kilivunjika siku ulikitoa. Usikibebe tena.

Fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma, fungua pembe ya kitambaa, weka zile buloni tatu mezani mbele ya Heri na mbele ya baba yake. Usilie. Ukilia atakubembeleza na maneno yatapotea. Muambie nimevunja kiapo, nimemuambia mutu wa Kasongo, kwa hiyo siri haiko tena ya kulinda. Kisha umupe mpaka kesho saa sita mchana aende mwenyewe kwa Abdoul, baba yake pembeni, aseme kwa kinywa chake: patro, jipu imepasuka, nimeisimamisha. Shofere anayesimamisha gari mwenyewe, hata akifukuzwa, mwingine atamutafuta. Yule ambaye gari limemusimamisha, hakuna wa kumupa hata baiskeli. Saa sita ikipita na hajaenda, vaa kitambaa chako uende wewe. Utamukuta Abdoul butikeni, utamuambia, na utarudi nyumbani kupika.

Anaweza kupoteza ufunguo. Sikufichi. Lakini Abdoul naye aliahidi mipira ya Bukavu na akasifu miti, basi asijifanye hajui kitu. Raphaël amukumbushe hilo, kwa adabu, bila kupaza sauti.

Kwa fundi, Salomon anasema: watoe miti yote. Wainue motere, chuma chenye ufa kitolewe kabisa, kisisudewe tena pale pale juu ya gari, Déo akifunge na bamba la chuma nene nyuma. Mipira itafutwe ya kweli, pande zote mbili kwa pamoja, maana mpya ikikaa na kuukuu, kuukuu itaiua mpya. Mpaka ifike, watie pine ya kamyo kama zamani, jipu iende tupu, polepole, kwa fundi tu, na waibadilishe kila inapolala. Inachosha, najua. Ndiyo kazi ya mpira, kuchoka mahali pa chuma.

Inabaki Laetitia. Haendi na jipu. Haendi na piki, na tumbo la miezi nane barabara hiyo. Hapo Kabambare wako wakunga na wako maenfirmiye wa hospitali, wanawake wa huko hawazai hewani. Munaniambia mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama muzazi. Vizuri. Basi mama muzazi ndiye aje.

Ulinikataza kutaja majina kwenye radio. Sokoni si radio. Leo asubuhi nilikwenda kwa wauza chumvi, nikamukuta Mama Olga na mawese yake. Nilimuambia jipu ni mbovu na binti yake asisafiri. Alifunga madumu, akamupa jirani biashara, akaniuliza Moussa anaondoka saa ngapi. Huyu aliyekupa barua hii ndiye yeye, na kama Moussa hakumuangusha, ameketi sasa kwako, miguu imejaa matope, anangoja umalize kusoma.

Ya muchi sikumuambia neno. Hiyo ni yako. Mupe maji ya kunywa na ya kunawa, umuite Laetitia akae karibu yake, na kabla hajauliza kinu kimekaa bila muchi kwa nini, sema.

Mama Cécilia